Disko la Mahafali Lisifutwe, Lilelewe

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa mwalimu mmoja wa Muheza akinieleza kuwa bodi ya shule yake inakusudia kufuta disko la mahafali ya kidato cha nne, kwa sababu mwaka jana wanafunzi walicheza mbele ya wageni kwa namna iliyowafanya baadhi ya wazazi wanyanyuke na kuondoka. Ameniuliza kama nakubaliana na bodi hiyo. Marahaba, mdogo wangu, na jibu langu ni kwamba sikubaliani nayo hata kidogo.

Nasema hivyo nikiwa bado na furaha ya mahafali yetu ya mwezi uliopita hapa Tanga mjini, ambapo vijana waliyarudi magoma kuanzia saa tisa alasiri hadi saa kumi na mbili jioni, wakalowa jasho, wakacheka, na hakuna hata mmoja aliyeshikwa bila ridhaa yake. Mwenyekiti wa wazazi alinipa mkono mbele ya ukumbi mzima. Najivunia siku ile wala sioni sababu ya kuficha, maana nimeihangaikia kwa miaka mingi.

Chanzo cha mahangaiko hayo ni jambo lililonikuta katika shule nyingine, ambayo sitaitaja, nilipokuwa matroni. Kabla ya mahafali niliuandikia uongozi barua nikiomba wageni waingie kwa kadi na muda wa muziki ujulikane mapema. Barua ilipokelewa, haikujibiwa. Usiku ule bwalo lilijaa vijana wa mtaani ambao hakuna aliyewafahamu, taa zikazimwa kwa ombi la DJ zikabaki zile za rangi tu, na katikati ya msongamano binti wa kidato cha pili akabambiwa, yaani akagandwa kwa nyuma, na mwanamume mzima huku rafiki wa mwanamume huyo akirekodi kwa simu. Nilimkuta binti nyuma ya jiko, amejifunga kanga ya mpishi juu ya sare, hataki kurudi ndani wala kwenda bwenini. Jumatatu yake kwenye paredi, aliyeulizwa kwa nini alicheza vile ni yeye, na aliyeambiwa ameshindwa kulea wasichana ni mimi. Mwanamume yule hakutafutwa, ingawa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilikwishatungwa kwa ajili ya watu wa aina yake. Jambo hilo linanichoma mpaka leo, na kila ninaposikia shule imefuta disko, naona watoto wanaadhibiwa kwa kosa la wakubwa walioacha mlango wazi.

Walimu wenzangu, mwanafunzi anayeambiwa "msicheze vibaya" hajaambiwa acheze nini. Kwa hiyo sisi huanza wiki kadhaa kabla, katika vipindi vya michezo vya jioni, kuwafundisha kucheza. Wale waliowahi kucheza ngoma kwenye UMISSETA, yale mashindano ya shule za sekondari, huwafundisha wenzao mdumange ya Wasambaa na sengenya ya Wadigo, na wengine huongoza kwaito ya mistari, ambayo kila mtu anaicheza bila kumgusa mwenzake. Halafu huja mzee mmoja wa Ngamiani, aliyecheza dansi enzi za bendi zetu za Tanga, Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, akawaonyesha namna ya kumwomba mtu mcheze pamoja: unasimama mbele yake, si nyuma, unanyoosha mkono na kungoja, akikubali mnacheza, akikataa unashukuru na kwenda zako. Wavulana hucheka siku ya kwanza. Mzee huwarudisha waanze upya, mmoja mmoja, mpaka mkono unyooshwe bila kicheko na msichana aweze kusema hapana bila kuinamisha kichwa, kisha huwageuza ili wasichana nao waombe na wavulana wakatae. Hilo moja, likizoeleka, linapunguza kubambia kuliko bakora zote za mwalimu wa nidhamu.

Kuna watakaoniambia kwamba mtoto wa Tanga amekulia na baikoko, ile ngoma ya kukata viuno, basi asitegemewe kucheza kingine. Mimi ni mtu wa pwani na siogopi kiuno. Bibi zetu walikata viuno unyagoni, lakini walicheza wanawake kwa wanawake, ndani, na kila mmoja alijua amekaribishwa na nani na kwa umri gani. Tulichokipoteza ni ule ujuzi wa kuchagua mahali pa kila mchezo, na shule ina wajibu wa kuurudisha badala ya kuwaachia simu kazi hiyo.

Kuhusu muziki, viranja hukusanya nyimbo wanazozipenda na mimi huzisikiliza maneno yake hadi mwisho pamoja nao, tukijadiliana, na mara nyingi wao wenyewe huzitoa zile chafu kabla sijasema neno. Singeli, ule muziki wa mbio, hatuifuti. Tunaiweka katikati ya ratiba na kufuatisha mapumziko ya maji, kwa sababu kasi yake huwafanya watu wapigane vikumbo, na joto la bwalo la Tanga si la kuchezea. DJ anasaini orodha kabla ya kupewa malipo ya awali, na taa hazizimwi.

Milango nayo ifunguliwe yote na madawati yaondolewe njiani. Tarehe 3 Februari 2020 wanafunzi 14 wa Shule ya Msingi ya Kakamega, Kenya, walifariki kwa kukanyagana kwenye ngazi walipokuwa wakitoka tu madarasani, na tarehe 26 Juni 2022 vijana 21, wengi wao wenye umri wa kuwa shuleni, walifariki katika baa ya Enyobeni huko East London, Afrika Kusini, iliyokuwa imejaa kupita kiasi. Sauti pia ipimwe: Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2022 kiwango cha kumbi za burudani, yaani wastani usiozidi desibeli 100 kwa dakika 15, na shule isiyo na kipimo inaweza angalau kuweka kamba ili mtoto asisimame mbele ya spika.

Kisha walimu wasisimame ukutani kama askari. Waingie, wacheze pembezoni na katikati, kwa sababu mtu mwenye nia mbaya hutafuta mahali ambapo hakuna mkubwa anayecheza. Wazazi nao waache kurekodi. Mpiga picha wa kamati anatosha, na picha za watoto zisitoke shuleni bila idhini. Wazazi, mcheze na watoto wenu mchana kweupe, wawaone mkicheza kwa staha, maana mtoto atajifunza kwa nani kama nyinyi mmenuna kwenye viti? Na ikifika saa kumi na mbili muziki uzimwe hata kama wanalia, kwani ngoma ya watoto haikeshi, na wanafunzi wa kutwa wanahitaji kufika kwao kabla giza halijaingia.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Muheza, mpelekee mwenyekiti wa bodi orodha ya nyimbo, makubaliano na DJ, utaratibu wa kadi na idadi ya milango ya bwalo lenu, kisha umwombe aje mwenyewe kwenye zoezi la kwanza la jioni kabla bodi haijakaa kuamua.