Usisubiri hamu irudi ndipo uanze

Dada uliyeuliza, pole sana. Umesema tangu mkataba wa kazi uishe unashinda kitandani, simu hupokei, na kila mtu anakwambia ujipe moyo kwanza. Mimi nakwambia geuza: anza kufanya, moyo utafuata. Nilipitia hali hiyo baada ya kupunguzwa kazini, na kilichonisaidia ni tiba niliyofundishwa na mshauri nasaha, ya kurudisha shughuli kidogo kidogo.

Alinieleza hivi. Mwenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito na kukosa hamu, huacha mambo: ibada haendi, kwa rafiki haendi, hata kusuka anaona mzigo. Kila anachokwepa kinampa nafuu ya muda, ila kinamnyima pia kile kilichokuwa kikimpa raha. Hali inazidi kushuka, naye anaacha na mengine. Mwanasaikolojia Peter Lewinsohn wa Marekani alilieleza jambo hili tangu miaka ya 1970.

Wiki ya kwanza sikuambiwa nibadilishe chochote. Niliandika tu kwenye daftari: saa hii nafanya nini, na hali yangu ni ngapi kati ya 0 na 10. Nilidhani siku nzima ni giza, kumbe asubuhi nikishafagia uwanja na kumwagilia mchicha naandika 4, hata 5. Mchana nikijilaza kutazama picha za wenzangu walioko kazini, inashuka hadi 1. Tukaanzia hapo hapo: ya asubuhi tukaiongeza, ule mchana tukautafutia kazi nyingine.

Panga kwa saa, tena panga kidogo. Usiandike "nifanye mazoezi". Andika "saa 11 jioni navaa raba, natembea hadi kwa muuza mihogo, narudi". Saa ikifika unatoka, hujiulizi kama unajisikia. Ikiwa nzito, punguza: vaa raba, fika getini, kwa leo inatosha. Na usitegemee furaha ya papo hapo. Mimi namba za daftari zilianza kupanda kabla sijahisi tofauti yoyote.

Kuhusu simu, nakuelewa kabisa. Nami niliogopa swali la "kazi vipi?" Mshauri akanitengenezea jibu moja fupi: "Bado natafuta, ukisikia nafasi nishtue." Nikalifanyia mazoezi kwa sauti, kisha nikampigia mtu mmoja tu, shangazi. Anza na yule asiyekuhukumu.

Kuna aliyekujibu kwamba hizi ni porojo za wenye pesa. Hapana. Huko Goa, India, watu wa kawaida wasio wataalamu walifundishwa kutoa tiba ya namna hii kwenye vituo vya afya, na wagonjwa wenye sonona kali walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida peke yake. Majibu ya utafiti huo yalichapishwa 2017. Inahitaji daftari, kalamu na mtu wa kukufuatilia.

Ila kama umeanza kuwaza kufa au kujidhuru, usikae na daftari. Mwambie mtu wa karibu sasa hivi, akupeleke hospitali leo. Na kama unatumia dawa, usiziache bila daktari.

Kesho ukiamka anza kuandika saa zako. Jioni ziweke hapa ukipenda, tuzisome pamoja tuone pa kuanzia.