SWALI: Mwenzangu kazini ananichongea kwa bosi, nimeacha kumsalimia, je napata dhambi?

Assalaam alaykum sheikh. Kuna dada nafanya nae kazi, Muislamu mwenzangu, kazi nafanya mimi anaenda kujisifia yeye, nikikosea kidogo tu bosi keshajua. Nimechoka, wiki ya pili hii simsalimii. Napata dhambi? Na nikimshtaki kwa bosi si ntakuwa namsengenya?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah dada yangu. Pole sana, manake mtu wa hivyo unaonana nae kila siku.

Hilo la kununiana hadithi yake iko wazi, wakusanyaji wa hadithi Bukhari na Muslim wote wameipokea, sio halali Muislamu kumhama ndugu yake zaidi ya siku tatu, wakikutana huyu anageuka huku na yule kule, na mbora wao ni anayeanza salamu. Kwahiyo wiki mbili umeshapitiliza, rudi kwenye salamu. Ila ona sheria ilivyokuonea huruma, hizo siku tatu umeachiwa hasira zipoe, na wanazuoni wengi wamesema salamu peke yake inatosha kuvunja huko kuhamana. Hujaambiwa ukale nae mchana wala umpe siri zako, na wengi hapa ndo wanachanganya, wanadhani kusamehe maana yake lazima muwe mashoga tena. Hapana.

Kuna mtu alibisha hodi kwa Mtume (s.a.w), Mtume akasema huyu ni mtu mbaya katika kabila lake, halafu alipoingia akaongea nae kwa upole kabisa mpaka bi Aisha akashangaa akamuuliza. Akamjibu kwamba mwenye daraja mbaya zaidi mbele ya Allah siku ya Kiyama ni yule ambae watu wanamuacha kwa kuogopa shari yake. Umeona? Upole wake haukuwa wa kinafiki, hakumsifia uongo, na wala hakusema ubaya wake ni mzuri. Na wewe fanya hivyohivyo, ongea nae vizuri ya kazi, yakiisha basi.

Haki yako nayo usiiache. Imam Nawawi kwenye kitabu chake cha hadithi Riyadh as-Salihin ametaja sehemu ambazo kumsema mtu kunaruhusiwa, ya kwanza ni aliyedhulumiwa kupeleka shitaka kwa mwenye uwezo wa kumpa haki, na Qur'an 4:148 nayo imemtoa aliyedhulumiwa kwenye katazo la kutangaza maovu. Bosi wako ndo huyo mwenye uwezo. Ila sema lililotokea tu, ripoti hii niliandika mimi na ushahidi huu hapa, usianze kumwambia na mambo ya ndoa yake. Na tuwe wakweli, dhambi nyingi za kazini hazipatikani ofisini kwa bosi, zinapatikana kwenye grupu la WhatsApp mkishatoka, kule hakuna anayeweza kukurudishia haki yako, ni kusengenya tu, yaani kula nyama ya ndugu yako kama ilivyosema 49:12.

Aya ya 41:34 inasema jibu ubaya kwa lililo bora na adui anaweza kuwa kama rafiki wa karibu, lakini watu wanaisoma wanaishia hapo, aya inayofuata inasema hawapewi jambo hilo ila wenye kusubiri. Kwahiyo asipobadilika mwezi huu usione dini imekudanganya.

Kesho anza wewe salamu, asipoitikia hiyo juu yake. Na kwa bosi nenda siku ambayo hujakasirika. Wallahu aalam.