Maswali ya Wasomaji: Maji Yaliyogoma Kuganda

SWALI: Ndugu Mhariri, ninauza maji ya chupa na barafu hapa Mbagala. Juzi nilitoa kwenye friza chupa ambayo maji yake yalikuwa bado hayajaganda, lakini nilipoigonga mezani yakaganda papo hapo nikiyatazama. Mwanangu wa sekondari anasema zipo protini ambazo zingeyagandisha mapema. Kwani maji hayagandi yenyewe yakifika nyuzi sifuri?
Msomaji, Mbagala, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu msomaji, kwenye nyuzi sifuri barafu huyeyuka, lakini si lazima maji yaanze kuganda hapo. Ili barafu ianze, molekuli nyingi za maji sharti zijipange kwa pamoja katika mpangilio wa pembe sita, na kipande hicho cha kwanza kiwe kikubwa kiasi cha kutosambaratika. Katika maji safi jambo hilo hutokea kwa nadra, na ndiyo maana vitone vidogo visivyo na uchafu wowote huweza kubaki maji hadi karibu nyuzi 38 chini ya sifuri. Chupa yako ilikuwa imepita sifuri kwa nyuzi chache tu, na kule kuigonga mezani kukatosha kuanzisha kipande cha kwanza. Bila shaka uliona kwamba ulipata uji wa barafu, si jiwe, kwa kuwa maji yanapoganda hutoa joto, na joto hilo huyarudisha yaliyosalia kwenye sifuri.

Mwanao amesema kweli. Bakteria aitwaye Pseudomonas syringae, anayeishi juu ya majani ya mimea, ana protini kwenye ngozi yake ya nje inayoweza kuanzisha barafu kwenye takriban nyuzi 2 tu chini ya sifuri, ilhali vumbi la kawaida huhitaji baridi kali zaidi. Protini hiyo ni mnyororo mrefu ambamo kipande cha asidi amino 16 (viungo vidogo vinavyojenga protini) hurudiwa mara nyingi na kujiviringa kama springi, hata asidi zinazofanana zikakaa mstari mmoja upande ulio bapa. Molekuli za maji zikigusa upande huo hushikwa katika mpangilio unaokaribiana na wa barafu. Protini moja pekee ni ndogo mno. Nyingi zinapojikusanya pamoja ndipo maji huganda bila kungoja baridi kali.

Kwa mkulima hiyo ni hasara, maana sakitu hupasua seli za majani. Mwaka 1987, huko California, mashamba ya majaribio yalinyunyiziwa bakteria walioondolewa uwezo huo. Kwenye viwanja vya kuteleza thelujini, kinyume chake, bakteria hao huuawa kwanza, kisha huchanganywa na maji ya kutengenezea theluji.

Wewe huwahitaji. Chupa ikigoma tena, ifungue utie punje ya barafu safi: maji yaliyokwisha kupita sifuri yataanza kuganda kuizunguka.