Kidole kimoja, siku tatu baharini

Watu wakisikia nilimaliza safari ya kilomita 410 baharini kwa jetski, yaani pikipiki ya majini, huuliza kwanza habari za mwendo. Ilikuwa ikikimbia kiasi gani? Nawajibu kwamba siku niliyokimbia kuliko zote ndiyo siku niliyonusurika kuvutwa kwa kamba hadi nchi kavu.

Ilikuwa siku ya kwanza. Tuliondoka alfajiri, maji yametulia tuli, na kidole changu cha shahada kikang'ang'ania kishikio cha mafuta kana kwamba tunashindania mita mia. Tangi langu lilibeba lita 70. Injini kubwa ya jetski ikifunguliwa yote inaweza kunywa lita 60 na zaidi kwa saa moja. Ukirudi kwenye mwendo wa kilomita 45 au 50 kwa saa, chombo bado kimepanda juu ya maji lakini unywaji unashuka chini ya nusu. Haya niliyajua, nilikuwa nimeyaandika hata kwenye daftari. Ila bahari shwari ina ushawishi wake. Kabla ya saa nne upepo wa omo, yaani wa mbele, ukaamka, mawimbi mafupi yakaanza kutugonga usoni, na kila kilomita ikadai petroli zaidi ya ile niliyoipangia. Nilifika kituoni taa ya mafuta ikiwaka, wale niliowapita asubuhi wakiwa wameshakunywa chai.

Kwa hiyo panga petroli yako kwa bahari mbaya, hata kama siku imeamka nzuri. Mabaharia wana hesabu ya mafungu matatu: fungu moja la kwendea, moja la kurudia, moja haliguswi. Kwenye safari ya kituo hadi kituo hutarudi ulikotoka, lakini lile fungu la tatu libaki palepale. Ukibeba madumu nyuma, yafunge barabara, kisha uendeshe ukiwa umeyabeba siku kadhaa kabla, kwa sababu tezi, yaani sehemu ya nyuma, ikilemewa chombo hubadilika tabia. Na ikitokea umevutwa, mwambie anayekuvuta aende taratibu sana. Kwenye jetski nyingi, ukivutwa kwa kasi maji husukumwa hadi ndani ya injini, na hapo unakuwa na matatizo mawili.

Mazoezi niliyafanya visivyo. Nilijenga mikono na kifua, kumbe kazi ni ya mapaja. Chombo hiki kilitoka kwenye akili ya mwendesha pikipiki, Clayton Jacobson wa Marekani, na zile za Kawasaki za mwanzoni mwa miaka ya 1970 uliziendesha umesimama. Hata hizi za kukalia, mawimbi yakianza, inuka. Kunja magoti, yaache yanyonye kishindo, na ushike usukani kama unavyomshika mtoto mkono mkivuka barabara. Ukiukamia, baada ya saa mbili vigasha vinakuwa mawe. Wimbi la mbele lipande kwa mshazari, usilirukie; chombo kikitoka majini injini inapayuka bure na mgongo wako ndio unaopokea malipo. Wimbi la nyuma nalo usilipite kwa pupa, utaizamisha pua kwenye mgongo wa lile linalotangulia.

Jambo moja wageni huchelewa kulielewa: jetski hugeuzwa na maji yanayotoka nyuma kwa nguvu. Ukiachia mafuta kabisa kwa hofu, usukani unakuwa pambo, nawe unakwenda moja kwa moja kwenye kile ulichotaka kukikwepa. Bakiza mafuta kidogo, kisha kata kona.

Siku ya pili nikameza kamba. Yaani jetski ndiyo iliyomeza, kipande cha wavu kilichokuwa kikielea. Dalili yake huwezi kuikosa: injini inapiga kelele, chombo kinatetemeka, mwendo hakuna. Zima injini, chomoa kamba ya usalama inayokuunganisha na swichi ya injini ili isiweze kuwaka, ndipo uingie majini kupapasa tundu la chini linalovuta maji. Kisu kiwe mwilini. Mimi changu kilikuwa sandukuni, chini ya biskuti, na mwenzangu alizunguka pale akinisubiri kwa uvumilivu wa kutia aibu. Chombo nacho kikipinduka, kuna kibandiko tezini chenye mshale wa upande wa kukigeuzia. Ufuate huo, maana kukigeuza vibaya kunaweza kunywesha injini maji.

Redio ya VHF, ile ya mawasiliano ya baharini (dharura ni chaneli 16), na kirusha ishara cha megahezi 406 kinachosikika kwenye setilaiti vifunge kwenye jaketi okozi. Ukianguka, sanduku litabaki na chombo, na upepo hukisukuma chombo kitupu haraka kuliko unavyoogelea.

Mwili? Jipake mafuta ya mgando makwapani na mapajani kabla ya kuvaa, vinginevyo chumvi itakuchuna. Kunywa maji mafunda mawili matatu kila nusu saa, usingoje kiu. Na vaa kizuia upepo hata jua likiwaka, kwa kuwa nguo mbichi kwenye mwendo hukupa baridi ya ajabu.

Siku ya tatu nilienda kama mzee anayetoka sokoni. Nilifika nikiwa na zaidi ya robo tangi. Wenzangu wakaenda kupiga picha, mimi nikatafuta mpira wa maji yasiyo na chumvi ili nioshe chumvi ndani ya injini. Kwenye nyingi, unawasha injini kwanza ndipo unafungulia maji. Ukimaliza, unafunga maji kwanza ndipo unazima. Kidole changu cha shahada kilikuwa kimejikunja, hakinyooki. Bomba nililifungua kwa mkono wa kushoto.