Kupamba chumba cha jua kwa rangi za udongo: ushauri kwa wanaoanza kazi hii

Mteja akikuambia anataka chumba cha jua, yaani chumba chenye madirisha makubwa ya kioo, kiwe na rangi za udongo, usikimbilie duka la rangi. Kwanza pita humo asubuhi, adhuhuri na alasiri ukiwa na mchoro wa sakafu na penseli, uweke alama jua linapopiga na saa linapohama. Mchoro huo ndio utakaoamua kochi likae wapi na mmea upi utavumilia dirishani. Bila huo unabahatisha.

Wengi wanaoanza hupaka njano na rangi ya machungwa kila ukuta. Jua lina umanjano wake, na jioni huzidi. Ukuta wa machungwa uliopendeza kwenye kadi ya rangi, ukipigwa na mwanga wa magharibi, unawaka kiasi cha kuchosha macho. Mimi huacha kuta ziwe za rangi ya maziwa au mchanga, kisha wekundu wa vyungu, rangi ya kutu na kahawia iliyoiva naviweka chini: sakafuni, kwenye mito, kwenye vyungu vyenyewe. Kijani kilichofifia kidogo hupoza yote hayo. Sampuli usiipake ukutani; ipake kwenye ubao mpana, uusogeze kutoka ukuta hadi ukuta mchana kutwa.

Sasa vifaa, na hapa ndipo fedha za wateja zinapopotelea. Kioo cha kawaida cha dirisha huzuia sehemu tu ya miale ya urujuanimno, ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho. Mingine hupita, na pamoja na mwanga wenyewe huchujua vitambaa. Rangi za madini ya udongo, zile nyekundu, za manjano na za kahawia zitokanazo na oksidi za chuma, hazipauki kirahisi, kwa hiyo zitumie bila hofu. Kitambaa kilichotiwa rangi kwa bizari ya manjano, hata kiwe kizuri namna gani, kiweke chumba kingine, maana jua hukipausha upesi mno. Makochi yanayokaa juani yavishe kitambaa cha akriliki (nyuzi za kutengenezwa kiwandani) ambacho rangi yake ilichanganywa kabla uzi haujasokotwa. Kitani na pamba vifae foronya, ambazo ni rahisi kubadilisha.

Mbao nazo hubadilika: msonobari huiva ukawa wa manjano, ilhali mjozi hupauka. Ukiacha zulia au chungu mahali pamoja kwa muda mrefu, alama yake itabaki, basi visogeze mara kwa mara. Henzirani ikikauka sana hupasuka. Isikae imeegemea kioo cha dirisha. Mwambie mteja mambo haya kabla hajalipa.

Vioo vya kujitazamia vya ukutani vyenye umbo la jua vinapendwa sana katika mtindo huu, nami navipenda. Hakikisha kioo cha katikati ni bapa au kimebenuka kuelekea nje. Kilichobonyea ndani hukusanya miale mahali pamoja na kinaweza kuwasha pazia. Chupa ya mviringo yenye maji, au tufe la kioo, hufanya vivyo hivyo. Viondoe dirishani, usisubiri mteja akubali.

Joto halitibiwi kwa mapambo. Pazia la ndani hupunguza mng'ao, lakini jua likishapita kwenye kioo joto limekwisha kuingia. Kivuli cha nje, kama turubai au kichaka, hufanya kazi zaidi. Madirisha ya juu na ya chini yafunguke yote mawili ili hewa moto ipate pa kutokea. Vigae vya udongo hunyonya joto mchana na kulirudisha jioni, jambo jema penye baridi na kero penye joto, kwa hiyo uliza chumba kinatumika saa ngapi.

Usiku vioo vyote vya madirisha hugeuka kuwa vya kujitazamia, na taa ya katikati ya dari itaonekana kila upande. Tumia taa fupi zenye vifuniko vya kitambaa, balbu za kelvini 2700 (zenye mwanga wa umanjano), uziweke chini ya usawa wa macho ya aliyeketi.