Kampuni za ndege zikiungana: ya kujua kabla namba yako haijaguswa

Ninyi mnaoingia sasa kwenye kampuni kubwa za ndege Marekani, mkiwa kwenye mafunzo mtapewa namba ya senioriti, yaani nafasi yako kwenye foleni ya marubani wote wa kampuni, na wengi mtaipokea bila kuitazama mara mbili kwa sababu akili yote iko kwenye simuleta, ile mashine ya kujifunzia kurusha. Itazameni. Namba hiyo ndiyo itakayoamua unarusha ndege gani, unakaa kiti cha kushoto cha kapteni au cha kulia cha msaidizi wake, kituo chako ni kipi, sikukuu unaila na watoto au uko hotelini, na kampuni ikiyumba, nani anapumzishwa kwanza bila mshahara. Haijali umahiri wako wala saa ulizoruka kwingine. Ukihama kampuni unaiacha hapo na kuanza upya mkiani, hata kama ulikuwa kapteni kwa miaka 20.

Msiichanganye na miaka ya utumishi. Rubani hulipwa kwa saa ya kuruka, na kiwango cha saa hutegemea aina ya ndege, kiti, na mwaka wako kwenye ngazi ya malipo, ambayo kwa kampuni nyingi hufika kikomo mwaka wa 12. Miaka inakupandisha ngazi. Namba ndiyo inayokufikisha kwenye ndege na kiti vyenye malipo makubwa. Kampuni mbili zikiungana, mambo haya hujadiliwa kwenye meza mbili tofauti, na hapo ndipo wageni wengi wanapopotea. Mkataba wa pamoja wa mishahara marubani huudai kwa mwajiri. Orodha ya senioriti huigombea wenyewe kwa wenyewe. Kwenye meza ya pili mwajiri hana haraka, kwa maana kila mwaka orodha inavyokwama, na mkataba wa pamoja nao ukakwama nyuma yake, yeye anaendelea kulipa viwango vya zamani.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Tuseme kampuni yenu ina marubani 1,000, wewe ni wa 800, na nyingine ina marubani 500. Orodha zikichanganywa kwa uwiano, wawili wenu kwa mmoja wao, utaangukia karibu na 1,200 kati ya 1,500. Namba imekuwa kubwa lakini mahali pako hapajabadilika, kwani ulikuwa kwenye asilimia 80 na bado uko hapo. Zikichanganywa kwa tarehe ya kuajiriwa, na wenzenu wote wakawa wametangulia kuajiriwa, unakuwa wa 1,300. Wao wakibandikwa wote chini yenu, unabaki wa 800 na mkongwe wao anaanzia 1,001. Kwa hiyo ukisikia mtu analia kwamba ameshushwa namba 400, muulize kwanza alikuwa asilimia ngapi na sasa yuko asilimia ngapi.

Kisa ambacho kila rubani mpya anapaswa kukijua ni cha US Airways na America West, zilizoungana Septemba 2005. US Airways, waliokuja kuitwa East, walikuwa wengi na wakongwe, lakini kampuni yao ilikuwa imeingia mara mbili kwenye ulinzi wa ufilisi, yaani kinga ya mahakama dhidi ya wadai, pensheni yao ilikuwa imefutwa mwaka 2003, mishahara ilikuwa imekatwa vibaya, na wenzao wengi walikuwa wamepumzishwa. America West, yaani West wa Phoenix, walikuwa wachache, vijana zaidi, na wote wako kazini. Pande zote mbili zilikuwa chini ya chama kimoja cha marubani, ALPA, na kanuni zake zilisema wakishindwa kuelewana wapelekwe kwa mwamuzi. Wakashindwa.

Mwamuzi George Nicolau alitoa orodha yake Mei 2007. Marubani 517 wa East aliwaweka juu kabisa kwa sababu ya ndege kubwa za masafa marefu ambazo West hawakuwa nazo, waliopumzishwa akawaweka chini, na waliobaki akawachanganya kwa uwiano. Hapo ndipo moto ulipowaka. Rubani wa East mwenye utumishi wa takriban miaka 17 alijikuta jirani na kijana wa West aliyeajiriwa miezi michache tu kabla ya muungano. Nikisema kweli, ningekuwa yule wa miaka 17 ningeumia sana. Lakini mwamuzi aliangalia kitu kingine: mtu huyo, pamoja na miaka yake yote, alikuwa mkiani mwa orodha ya walio kazini, kwenye kampuni iliyokuwa inazama. Kijana naye alikuwa mkiani mwa orodha yake. Wakawekwa mkia kwa mkia.

East walikuwa na hoja nyingine, na ilikuwa na uzito. Wakongwe wao wengi walikuwa wanakaribia kustaafu, na nafasi zile walizihesabu kuwa urithi wao. Orodha mpya iliwaingiza West kwenye foleni ya nafasi hizo. Kisha Desemba 2007 sheria ikapandisha umri wa kustaafu kutoka miaka 60 hadi 65, na foleni nzima ikasimama. Watu waliokuwa wanangoja kiti cha kushoto waliambiwa wangoje tena.

Walichofanya ndicho ninachotaka mkikumbuke. Kwa kuwa walikuwa wengi, East waliunda chama kipya, USAPA, wakaishinda ALPA kwenye kura mwaka 2008, na katiba ya chama hicho ikasimama juu ya tarehe ya kuajiriwa. West wakaenda mahakamani. Mwaka 2009 baraza la wazee wa mahakama huko Phoenix likawapa haki. Mwaka 2010 mahakama ya rufaa ikatengua, ikisema shauri limeletwa mapema kwa kuwa mkataba wa pamoja haujapatikana. Na mkataba ungepatikanaje, ikiwa kuusaini kungefungua mlango wa orodha ambayo East hawakuitaka? Miaka yote hiyo East waliendelea kulipwa kwa viwango vilivyokatwa enzi za ufilisi, na pande mbili ziliruka chini ya jina moja zikiwa zimetenganishwa, kila moja na mkataba wake. Nafuu ya mishahara ilikuja Desemba 2013, kampuni ilipoungana na American Airlines. Mahakama ya rufaa ikawapa West haki mwaka 2015, na orodha moja ya wote ikatolewa na jopo la waamuzi Septemba 2016. Rubani aliyekuwa na miaka 50 muungano ulipotangazwa alikuwa amebakiza miaka minne tu ya kuruka.

Msimamo wangu ni huu, na nimeutetea kwenye mikutano ya chama mpaka sauti ikakauka: usikubali mgogoro wa orodha uuteke mkataba wa mishahara. Delta na Northwest walionyesha kwamba inawezekana. Kampuni zile ziliungana Oktoba 2008, lakini marubani walikuwa wameshakubaliana na mwajiri mkataba wa pamoja kabla muungano haujakamilika. Orodha ilikwenda kwa waamuzi na kutoka kabla mwaka haujaisha. Wapo walionung'unika, lakini walinung'unika wakiwa na mshahara mpya mfukoni.

Sheria sasa inasaidia kiasi. Mwaka 2001 American ilipoichukua kampuni ya ndege ya TWA, marubani wengi wa TWA walibandikwa chini ya orodha, na wahudumu wa ndege wa TWA wote waliwekwa mkiani. Uchungu wa St. Louis, kituo kikuu cha TWA, ulifika Bungeni, na sheria ya McCaskill-Bond ya Desemba 2007 inataka orodha ziunganishwe kwa haki na usawa, kwa mazungumzo, na yakishindikana kwa uamuzi wa mtu wa tatu. Kama pande zote mbili ziko chini ya chama kimoja, kanuni za chama hicho ndizo zinazotumika. Someni kanuni za chama chenu. ALPA wenyewe, baada ya kisa cha US Airways, waliongeza miaka ya utumishi miongoni mwa mambo ya kuzingatiwa. Kwa ndugu walioko Nairobi, Dar es Salaam au Doha: ulinzi huu ni wa Marekani. Kwenu itawabidi mtazame mkataba wenu unasema nini kuhusu kampuni kuuzwa au kuunganishwa, na kama hausemi kitu, pelekeni hoja hiyo mezani leo.

Malipo nayo yana vita vyake hata orodha ikiwa imetulia. India iliunganisha Air India na Indian Airlines mwaka 2007 bila kusawazisha mishahara. Mwaka 2011 marubani waliotoka Indian Airlines waligoma siku 10 wakidai kulipwa sawa na wenzao. Mwaka 2012 wale waliotoka Air India wakagoma siku 58, safari hii kwa sababu wenzao walipewa mafunzo ya Boeing 787, ndege waliyoiona kuwa yao. Na mwaka 2024, kampuni ya Vistara ikielekea kumezwa na Air India, marubani waliletewa mkataba ulioshusha saa za kulipwa kwa uhakika kutoka 70 hadi 40 kwa mwezi. Safari nyingi zilifutwa kwa kukosa marubani. Kwa hiyo mkiletewa jedwali la mishahara ya muungano, msikimbilie kiwango cha saa. Tafuteni kwanza saa ngapi umehakikishiwa kwa mwezi, usiporuka unalipwa nini, na mwaka wako kwenye ngazi unahesabiwa vipi ikiwa uliwahi kupumzishwa.

Sasa makaratasi. Kabla ya orodha kuunganishwa, kila upande huhakiki ya kwake, na rubani hupewa muda wa kukagua taarifa zake. Nimewahi kukaa na watu wakihakiki mistari hiyo mmoja mmoja: namba, jina, tarehe ya kuajiriwa, tarehe ya kuzaliwa, ndege, kiti, kituo. Kwenye kampuni ile, walioanza mafunzo siku moja walipangwa kwa umri, mkubwa kwanza. Rubani mmoja mzaliwa wa Mombasa alikuwa amejaza fomu kama tulivyofundishwa nyumbani, siku kwanza kisha mwezi: 5/3. Wamarekani wakaisoma Mei 3 badala ya Machi 5. Miezi miwili ya umri ikapotea, na akawa chini ya wenzake kadhaa wa darasa lake bila kujua kwa miaka. Cheti cha kuzaliwa kilimrudisha, kwa sababu alikitoa kabla tarehe ya mwisho ya kukagua haijapita. Angechelewa, kila kitu kingegandishwa vilevile na kupelekwa kwa waamuzi. Wekeni barua ya ajira, barua ya siku ya kwanza ya mafunzo, na barua yoyote ya likizo ya jeshi, ugonjwa au kupumzishwa, na msizitegemee zile zilizo kwenye barua pepe ya kampuni pekee.

Ukiajiriwa baada ya muungano kutangazwa, mara nyingi utapangwa kwa tarehe ya kuajiriwa chini ya wote waliokuwepo kabla ya tangazo, upande wowote ule. Kwa hiyo kama una ofa mkononi na fununu za muungano zimeanza, tarehe ya kuanza darasa ina thamani kuliko wiki mbili za mapumziko. Na msichukue mkopo wa nyumba kwa hesabu ya ukapteni ambao bado uko kwenye orodha isiyotoka.

Rasimu ikija, daini muione na muipigie kura wenyewe. Mwaka 2011 viongozi wa marubani wa AirTran, iliyokuwa imenunuliwa na Southwest, waliikataa rasimu ya kwanza bila kuifikisha kwa wanachama. Ya pili ilikuwa dhaifu kwao kuliko ile, na ndiyo iliyopita.