Kwa mnaoanza kazi ya mizani: jueni nukta kwanza

Kuna vijana wawili watatu wameanza kupima samaki huku Dunga na naona wote wanasumbuliwa na kitu moja. Kujumlisha wanajua, kuzidisha wanajua, shida ni kila tarakimu baada ya nukta inakaa wapi. Kwa hivyo naandikia wote mnaoanza, iwe ni samaki Kisumu, maziwa Njoro ama mahindi Kitale.

Kilo ni gramu 1,000, so gramu zinachukua nafasi tatu baada ya nukta. Mbuta ya kilo mbili na gramu hamsini ni 2.050, ukiandika 2.05 pia ni sawa, sufuri ya mwisho haiongezi wala kupunguza. Lakini ile sufuri ya katikati usiiguse kabisa! Ukiandika 2.5 hiyo ni kilo mbili na nusu, umeongeza gramu 450 zenye hazikuwa kwa mizani, na tuseme kilo ni 400, mteja amelipa shilingi 180 za bure. Ukikosea upande ule mwingine anayeumia ni mama aliyeamka saa kumi usiku kungoja mitumbwi, na huyo hatasahau uso wako.

Tena usiandike .6, andika 0.6. Kitabu chetu kinalowa maji ya samaki siku nzima, wino unasambaa, hako kanukta kanapotea na jioni mtu anasoma 6. Hiyo sufuri ya mbele ndio inakulinda. Na ukiita namba kwa mwenzako anayeandika sema "mbili nukta saba tano", ukizoea kusema sabini na tano utaanza kuona 2.75 inashinda 2.8 juu 75 inapita 8, na si hivyo, 2.8 ni 2.80.

Kujumlisha, nukta inakaa chini ya nukta, basi. Wengi wanapanga tarakimu za mwisho chini ya za mwisho vile walizoea na namba nzima, na hapo ndio hesabu inaharibika. Beseni za 12.4, 7.85 na 0.675, jaza sufuri kwanza zilingane: 12.400, 7.850, 0.675. Jibu 20.925.

Kuzidisha ni tofauti, hapo nukta usizipange, zisahau kwanza. Kilo 3.25 kwa bei ya 420: zidisha 325 kwa 420 upate 136,500, halafu hesabu tarakimu zilizokuwa baada ya nukta, ni mbili, rudisha nukta nafasi mbili kutoka kulia, 1,365.00. Lakini hata kama uko na kalkuleta kadiria kwa kichwa kwanza, kilo tatu ni 1,260, nne ni 1,680, jibu lazima likae katikati, so simu ikikuonyesha 136,500 unajua hapo hapo kuna nukta haikubonyezwa. Mimi hiyo ya kukadiria naiweka juu ya zingine zote. Na usishtuke jibu likipungua, 0.35 mara 0.6 ni 0.21, ukizidisha na kitu chini ya moja lazima ishuke.

Alama ya mkato kwetu ni ya kutenganisha maelfu, lakini Ujerumani na Ufaransa wanaitumia mahali sisi tunaweka nukta, so ukipata karatasi ya mzigo kutoka huko imeandikwa kilo 1,365 uliza kabla ujaze kitabu, inaweza kuwa kilo moja na kitu tu.

Mwisho, kwa wale wanalipwa kwa saa. Saa mbili na dakika 30 si 2.30, ni 2.5, juu saa ina dakika 60 haina 100. Gawanya dakika kwa 60 kwanza, 45 inakuwa 0.75, ndio uzidishe na malipo yako, na ufanye hiyo hesabu mwenyewe kabla ya kusaini.